Kabla ya Kuvunja Kijumba cha Bibi: Tumezisoma Upya Riwaya za Masanamu



Mtatusamehe kwa kimya cha wiki tatu. Wasomaji wa siku nyingi mnatujua: dada wawili wa Unguja, mmoja kaolewa Kigoma na mwengine kamfuata na cherehani yake, na sasa tuna duka la nguo za harusi Kasulu mjini. Wateja wetu wanatoka Kasulu yenyewe, Makere, Kibondo, wengine mpaka Kakonko. Kitambaa tunatoa Mchangani na Kariakoo, mshono ni wetu wenyewe. Leo tulipanga kuandika juu ya singo na namna ya kuchagua lesi kwa baridi ya milimani, lakini imetupata khabari ambayo hatuwezi kuiruka.

Tulikwenda Kibondo kumjaribisha nguo bi harusi mmoja. Ni Muha wa hapohapo, kasilimu mwaka wa pili sasa, kwa hiari yake, kabla hata hajachumbiwa. Mchumba ni kijana wa Ujiji, watu wa dini. Mama yake bi harusi alishafariki, kalelewa na bibi yake mzaa mama, na nguo tulikwenda kumjaribishia nyumbani kwa bibi huyo. Nyuma ya nyumba, karibu na migomba, kuna kijumba cha nyasi kimo cha goti. Ndani hamna sanamu. Kuna kijiwe na kibuyu, na siku moja moja bibi huweka pombe kidogo au chakula kwa ajili ya mizimu ya wazee wake. Mwenyewe si Muislamu, na hajawahi kusema anataka kuwa.

Basi shemeji mtarajiwa, kaka wa bwana harusi, kakiona kijumba kile alipokuja kuleta barua. Katuma ujumbe: Ijumaa inayofuata anakuja na vijana wakivunje, la sivyo ndoa haifungwi. Na kaleta na ushahidi, kwenye simu, mrefu. Nabii Ibrahim alivunja masanamu. Mtume (S.A.W.) alivunja masanamu 360 ya Makka, yakawa yanaanguka yenyewe kila akiyanyooshea fimbo. Sayyidna Ali alipanda juu ya mabega ya Mtume akaling'oa sanamu juu ya Al-Kaaba. Na Khalid bin Walid alimkuta mwanamke mweusi mchawi ndani ya Uzza akampasua kwa upanga. Huo wa mwisho ndio uliomliza bi harusi. Alilia kavaa nguo, mwanja ukamchirizika hadi kwenye satini ya kifua. Bibi alikuwa mlangoni anachambua maharage. Hakusema neno.

Sisi tumesoma skuli mpaka kidato cha nne, tukasoma ushonaji, tukapata cheti. Hatukuwa na la kujibu. Usiku ule tuliziandika riwaya zile kwenye daftari la vipimo, moja moja, na asubuhi tukampigia mwalimu wetu wa kike wa madrasa huko nyumbani, ambaye ana vitabu na ana subira. Wiki tatu hizi tumekuwa tukisikiliza sauti zake kwenye simu huku tunashona. Hapa chini ni tulichokipata. Makosa ni yetu.

Kwanza alitwambia jambo ambalo fundi yeyote analielewa. Nguo nzuri usiitazame kwa nje, ipindue. Mshono uko ndani. Wanavyuoni wa hadithi walifanya hivyohivyo na riwaya: waliipindua wakaangalia nani kapokea kwa nani, huyu alikutana na yule au hakukutana, alikuwa mkweli au mwenye kuchanganya, kisha ndio wakarudi kuangalia maneno yenyewe. Sanadi ni mshono na matini ni kitambaa. Unaweza kupata mshono safi juu ya kitambaa kilichooza, na ukapata pia hariri iliyoungwa kwa gundi.

Tukaanza na ile kubwa, ya siku ya kufunguliwa Makka, Ramadhani ya mwaka wa 8 Hijria, ambayo kwa hesabu ya miladi ni mwanzo wa 630. Kwamba Mtume aliingia na kukuta mia tatu na sitini kuizunguka Al-Kaaba, na akawa anazichoma kwa fimbo iliyokuwa mkononi huku akisoma aya ya 81 ya Suratul Israa, ya kuja haki na kuondoka batili: hii ni sahihi, wala haina mjadala. Wameipokea Bukhari na Muslim, wote wawili, kutoka kwa Abdullah bin Masoud (R.A.), na yeye ni katika watu wa mwanzo kabisa kusilimu, aliyesumbuliwa Makka hiyohiyo. Neno lililotumika katika mapokezi hayo ni nusub, yaani mawe ya kusimamishwa na kuabudiwa. Mahali pengine kwa Muslim limekuja neno sanam. Kwa hiyo tukisikia 360 tusipige picha ya masanamu mia tatu na sitini ya kuchongwa yenye macho na pua. Mengi huenda yalikuwa mawe tu yaliyosimamishwa. Pia katika Muslim, kwa Abu Huraira, yumo Mtume akilichoma jichoni sanamu moja kwa ncha ya upinde wake pembeni mwa Nyumba. Hilo basi lilikuwa na macho.

Na kule kuanguka yenyewe? Kuwa alikuwa akilinyooshea sanamu fimbo usoni linaanguka kichalichali, akilinyooshea kwa nyuma linaanguka kifudifudi, nayo yamesimikwa kwa risasi? Hiyo haimo katika hadithi ya Ibn Masoud kwa Bukhari na Muslim. Imo katika Sira ya Ibn Hisham, na pale Ibn Hisham mwenyewe ametwambia ukweli wake: kapokea kwa mtu anayemwamini, na mtu huyo hakumtaja jina. Kisha mnyororo unaendelea mpaka kwa az-Zuhri na kufika kwa Ibn Abbas, majina makubwa yote. Lakini pale mwanzo pana tundu. Tulipoambiwa hivyo tulicheka, kwa sababu ndivyo anavyosema muuzaji wa kitambaa: hii ni hariri, nimeambiwa na mtu ninayemwamini. Wapo waliotafuta njia nyengine za kuitia nguvu riwaya hii, na sisi hatusemi muujiza hauwezekani kwa Mtume. Tunasema tu kuwa fimbo, mawe na aya vina mshono wa kukaza, na kule kuanguka kwenyewe kumepigwa bandi.

Tukaja kwa Sayyidna Ali na mabega. Ipo katika Musnad ya Imam Ahmad na katika Mustadrak ya al-Hakim, na inasimuliwa na Ali mwenyewe: walikwenda usiku, Mtume akamnyanyua mabegani, akapanda juu ya Al-Kaaba, akalitikisa sanamu la shaba mpaka likaanguka likavunjika, kisha wakatoka mbio wakajificha nyuma ya nyumba wasionekane na mtu. Al-Hakim kaisahihisha. Imam adh-Dhahabi, aliyekuja baada yake zaidi ya miaka mia tatu na kukipitia kitabu chake hadithi kwa hadithi, alisema juu ya hii kuwa sanadi yake ni safi na matini yake ni munkar, yaani ya kukataliwa. Hapo ndipo tulipoelewa mfano wa mshono safi juu ya kitambaa kibovu.

Kwa nini akaikataa? Mwalimu alitutaka tufikiri wenyewe kabla hajatujibu, tukakaa na swali hilo siku mbili huku tunashona pindo. Jawabu liko kwenye sira nzima. Mtume alikaa Makka miaka 13 baada ya kupewa utume. Masanamu yale yalikuwapo siku zote hizo, akapita mbele yake, akasali kwenye Nyumba ileile, akatupiwa uchafu mgongoni akiwa amesujudu, na hakuna riwaya inayotegemewa kuwa alikwenda kuyavunja kwa siri. Na kuna kubwa zaidi ya hilo. Mwaka wa 7 Hijria, mwaka mmoja kabla ya ushindi, alirudi Makka kwa Umra ya kulipa, kwa makubaliano ya Hudaibiya. Alikaa siku tatu pamoja na masahaba zake, watu wazima wenye nguvu, wengi wao na panga zao. Wakatufu Al-Kaaba na masanamu yameizunguka. Hawakugusa hata moja. Siku tatu zilipotimia wakaondoka kama walivyoahidi. Makka ilikuwa bado mikononi mwa Maquraishi na palikuwa na ahadi.

Sisi, mashoga, Umra hiyo tumeisikia tangu chuoni. Tulikuwa hatujawahi kuisoma kwa kuuliza masanamu yalikuwa wapi siku hizo tatu.

Ile riwaya ya usiku inawezekana vilevile kuwa ilitokea, maana ndani yake wanajificha, hawatangazi. Wapo wenye kuikubali. Lakini ukiitazama vizuri, hata ikiwa ni sahihi, si hoja ya kwenda Ijumaa mchana na vijana uwanjani kwa bibi kizee.

Kuna hizi za picha ndani ya Al-Kaaba, ambazo mabibi harusi mnatuuliza mara nyingi kwa sababu ya mabango ya ukumbini. Bukhari kapokea kwa Ibn Abbas kuwa Mtume alikataa kuingia ndani ya Nyumba mpaka vilivyomo vitolewe, na zikatolewa picha za Ibrahim na Ismail zikiwaonyesha wameshika mishale ya kupigia ramli, akakasirika kwa uongo huo waliozuliwa manabii. Abu Dawud kapokea kwa Jabir kuwa alimwamuru Umar aende afute kila picha kwanza. Upande wa pili, al-Azraqi, mwanahistoria wa Makka wa karne ya 3 Hijria, anataja kuwa Mtume aliweka mkono juu ya picha ya Bi Maryam na mwanawe akaamuru zifutwe zote isipokuwa iliyo chini ya mkono wake. Kisa kizuri, na tumekiona kimezagaa kwenye simu kama kitu kilichothibiti. Sanadi zake zimekatika: moja inaishia kwa az-Zuhri, aliyezaliwa miongo kadhaa baada ya Mtume kufariki, bila ya kusema nani kamhadithia. Kwa hiyo mwenye kutaka kulegeza mambo naye ana riwaya yake dhaifu anayoipenda, hili si tatizo la shemeji peke yake.

Sasa Uzza. Hii tuliisubiri kwa hofu, kwa ajili ya bi harusi.

Uzza lilikuwa pahala pa ibada Nakhla, mashariki ya Makka, na baada ya ushindi Mtume alimtuma Khalid bin Walid kulibomoa. Riwaya iliyo na mshono bora ni ile ya an-Nasai katika Sunan yake kubwa, kutoka kwa Abu Tufail. Khalid alikata miti mitatu, akabomoa nyumba iliyokuwapo, akarudi. Mtume akamwambia arudi tena, hajafanya kitu. Aliporudi wangoja mlango wakakimbilia mlimani, akatokea mwanamke uchi, nywele timtim, anajimwagia mchanga kichwani, akampiga upanga. Mtume akasema huyo ndiye Uzza. Wanavyuoni kadhaa wameikubali. Ukiipindua utaona kuwa Abu Tufail alizaliwa karibu na mwaka wa vita vya Uhud, kwa hiyo siku ya Uzza alikuwa mtoto wa miaka mitano hivi. Hakwenda na Khalid. Kasikia kwa wengine, nao hakuwataja. Kwa kanuni za hadithi hilo halimwangushi, kwa sababu sahaba akipokea kwa sahaba mwenziwe bila kumtaja inakubaliwa. Basi tunaichukua hivyo.

Lakini tafuteni neno "mweusi" ndani yake. Halimo. Wala mchawi. Rangi inatoka kwengine. Inatoka kwa Hisham bin al-Kalbi, aliyeandika kitabu mashuhuri cha masanamu ya Waarabu na kufariki mwanzoni mwa karne ya 3 Hijria, ambaye kwake mwanamke yule kawa Mhabeshi. Na inatoka kwa al-Waqidi, aliyefariki mwaka 207, ambaye kwa njia yake mwanafunzi wake Ibn Saad kaandika kuwa alikuwa mweusi. Ibn al-Kalbi ni bahari ya nasaba na visa, wanahistoria hawawezi kumkwepa. Kwa watu wa hadithi ni matruk, ameachwa. Baba yake, aliyempokelea mengi, alituhumiwa uongo waziwazi. Al-Waqidi naye anajua tarehe za vita na majina ya mahali kuliko mtu yeyote, na hata hivyo maimamu wa hadithi hawakumtegemea peke yake katika jambo la dini.

Tulimpigia bi harusi usiku huohuo. Tulimwambia: ule weusi umetiwa na wapokezi wasiotegemewa. Alinyamaza, kisha akauliza kama tuna uhakika. Tukamwambia tuna uhakika wa vitabu tulivyotajiwa na mtu anayevisoma. Akasema asubuhi atamwambia bibi yake. Sisi tuliwaza baadaye namna riwaya ile ilivyosafiri kutoka Baghdad ya karne ya 3 mpaka kwenye simu ya mtu wa Ujiji, na kote huko mshono wa rangi haukufumuka hata mara moja, ukipita mikononi mwa watu weusi wenyewe, sisi tukiwamo. Sisi pia tuliwahi kukisimulia kisa kile hivyohivyo, tena kwa watoto.

Zipo nyengine tutazipita haraka. Jarir bin Abdillah al-Bajali na Dhul Khalasa: sahihi, Bukhari na Muslim. Alikwenda na wapanda farasi 150 wa kabila la Ahmas, na yeye alikuwa hajui kukaa imara juu ya farasi mpaka Mtume alipompiga kifuani akamwombea dua. Wakaichoma moto ile nyumba. Jarir alitumwa Yemen, kwa watu wake mwenyewe, wa Bajila. Amr bin al-As na Suwaa: inatoka njia ya al-Waqidi, ichukuliwe kama historia tu. Na Nabii Ibrahim hahitaji sanadi, kisa chake kiko ndani ya Qur'ani, Suratul Anbiyaa. Alikuwa Nabii, mbele ya watu wake na baba yake, na kubwa lao aliliacha zima ili wamuulize. Alitaka wafikiri.

Taif ndiyo tuliyoikalia zaidi, kwa sababu imo khabari ya wanawake. Ibn Ishaq, aliyefariki karibu na mwaka 150 Hijria, anasimulia ujumbe wa Thaqif uliokwenda Madina mwaka wa 9 kusilimu. Waliomba waachiwe Lata miaka mitatu. Wakakataliwa. Wakaomba mwaka, wakashuka mpaka mwezi mmoja, wakisema wanawachelea wanawake na watoto na wajinga wao wasije wakashtuka. Wakakataliwa. Basi wakaomba wasilivunje kwa mikono yao wenyewe, na hilo wakakubaliwa. Wakatumwa Abu Sufyan na Mughira bin Shuuba, na Mughira ni mtoto wa Thaqif. Alipolipiga shoka, wanawake wa Thaqif walitoka vichwa wazi wanalia. Sanadi ya kisa hiki kwa Ibn Ishaq si ya kuwekwa safu moja na ya Jarir, na wanavyuoni wanakipokea kwa kuwa ni sira na kinaafikiana na yanayojulikana. Kwa hiyo hatukiegemei kwa uzito wote. Lakini tazameni: hata kisa hiki, ambacho mwisho wake ni shoka, kinaanza na watu waliokuja wenyewe, wakakubali dini, wakajadiliana, na aliyeshika shoka ni wa kwao.

Tukazipanga zote mezani kama vipande vya nguo kabla ya kuunga. Zilizo sahihi zinakubaliana katika jambo moja: anayevunja ni Mtume, au aliyetumwa na Mtume, akiwa na mamlaka ya mji, mahali ambapo wenyewe wamesalimu au wamesilimu. Na makubwa yalikuwa Al-Kaaba, nyumba iliyojengwa na Ibrahim kwa ajili ya Mwenyezi Mungu peke yake. Zile zinazomwonyesha mtu akienda kuvunja kwa siri au zenye kutia chumvi ya ushujaa na uchawi, ndizo zenye mishono ya kutiliwa shaka. Sisi si wanavyuoni, huu ni mpangilio wetu. Mwalimu aliusikiliza akasema hauna ubaya, ila tusijisahau.

Alikuwa na sababu. Tulipompelekea shemeji maneno haya (kwa adabu, kupitia kwa mume wa mmoja wetu), alijibu kwa hadithi ambayo haimo katika orodha yake ya kwanza: Abul Hayyaj al-Asadi, aliyeambiwa na Ali kuwa anamtuma kwa lile alilotumwa yeye na Mtume, asiache sanamu ila alifute wala kaburi lililonyanyuliwa ila alisawazishe. Hii iko katika Sahih Muslim. Hatuwezi kuivunja wala hatutaki. Tulilomjibu ni kuwa Ali anayezungumza pale anamtuma mtu wake, naye katumwa na Mtume. Shemeji kamtuma nani? Pia pale hamna sanamu, mna kijiwe na kibuyu. Tunakiri kuwa jawabu hili la pili ni jepesi, kwa maana Makka nako mengi yalikuwa mawe tu. La kwanza ndilo tunalolisimamia. Na kuna aya ya 108 ya Suratul An'aam, inayokataza hata kuwatukana wanaoabudiwa na wengine, wasije nao wakamtukana Mwenyezi Mungu kwa kutojua. Achilia mbali sheria ya nchi, ambayo kuvunja mali kwenye uwanja wa mtu ni kosa.

Tuseme wazi ili tusieleweke vibaya: bi harusi wetu hana ruhusa ya kuweka chakula kwenye kijumba kile, wala kula kilichowekwa, na yeye mwenyewe anajua na haweki. Hiyo ni tauhidi yake. Bibi yake hajasilimu.

Nasi wa kisiwani tuna jambo letu katika hili. Uislamu ulipanda Ujiji pamoja na misafara ya pembe za ndovu kutoka Pwani na Unguja, karne ya 19, na katika miaka ya 1880 Mwinyi Kheri alikuwa mkubwa wa Ujiji chini ya bendera ya Sayyid Barghash wetu. Misafara hiyo ilibeba pia watu waliofungwa. Nchi ya Waha, Heru ya Kasulu na Muhambwe ya Kibondo, zilikuwa na wafalme wao, zikamwita Mungu Imana, na kwa muda mrefu watu wake waliwatazama watu wa Ujiji kwa mbali. Baadaye alikuja mtu kama Sheikh Hasan bin Ameir, mtoto wa Makunduchi, aliyezunguka nchi hizi za maziwa na twarika ya Qadiriyya, akifundisha. Bibi alitwambia mara ya mwisho tulipokwenda kuwa bibi yake yeye alikuwa akiwatisha watoto wasiende mbali na nyumba, watu wa Ujiji watawachukua. Alituuliza kama ni kweli tunatoka Unguja. Tukasema ndio. Akasema, "Mbali," akaendelea na maharage yake.

Mtu ataniuliza na midoli ya dukani kwetu. Hili tumelijibu zamani, ila kwa kuwa mada ni hii: yetu haina vichwa, tuliinunua hivyo kwa kusudi, na wanavyuoni wana khilafu. Tunampenda sana Bi Aisha (R.A.) katika mlango huu. Alitundika pazia lenye picha, Mtume akachukia, na katika baadhi ya mapokezi yaliyomo kwenye Sahihi mbili yeye akalikata akafanya mito ya kuegemea. Kitambaa hakikutupwa.

Ijumaa ilifika. Vijana hawakuja. Shemeji alikuja peke yake na baba yake, wakakaa kwenye mkeka, wakazungumza na mjomba wa bi harusi mpaka alasiri. Hatukuwapo, tumehadithiwa. Shemeji bado anasema angependa kijumba kiondoke. Bibi bado anasema hajaulizwa na mtu, wanazungumza yeye akiwapo kama hayupo. Nikaha imesogezwa mpaka Mfunguo Mosi, inshaallah, na itafungwa Kasulu kwa shangazi.

Doa la mwanja kwenye satini halikutoka. Tulijaribu sabuni ya kipande, tukajaribu spiriti, likafifia likabaki kivuli. Tutaweka ua la lesi juu yake, upande wa kushoto, na ili lisionekane ni kiraka tutaweka na jengine kulia.

Wallahu aalam.